Mwanamume wa Kupokea Mgeni

Habari ilipofika kwamba mbunge amekubali kuja Chonyonyo kuwasikiliza wajane, tena atakaribishwa nyumbani kwa Eustadia, wanawake wa kikundi walipiga vigelegele mpaka mbwa wa majirani wakabweka. Eustadia mwenyewe alipiga. Angejua yaliyokuwa mbele, angeziba mdomo kwa viganja vyote viwili.

Mumewe, Cleophace, alikuwa amefariki mwaka uliotangulia, akazikwa kibanjani, kati ya migomba na mibuni, kama walivyozikwa baba yake na babu yake. Aliacha mke na mabinti wawili. Mtoto wa kiume hakuacha, na hapo ndipo balaa lilipopata mlango. Nyasi za matanga hazijakauka vizuri, shemeji yake Jovitus, mdogo wa marehemu, alishaanza kuzunguka shambani asubuhi na fimbo yake, akisimama hapa, akichungulia pale, akipapasa mikungu kama mnunuzi wa ng'ombe mnadani. Maneno yake yalikuwa matamu. Shemeji umeamkaje, shemeji umeshindaje. Kisha anatupia lake: kibanja ni cha ukoo, mabinti wataolewa, na kibanja hakiolewi. Ukoo ungekaa baada ya Krismasi kuamua nani aushike mji, yaani boma lote na shamba lake. Eustadia alijua kwamba uamuzi huo ulikwisha kupikwa, ulingoja kupakuliwa tu.

Ndiyo maana aliingia kwenye kikundi cha Placidia. Huyu Placidia alikuwa fundi cherehani wa Nyaishozi, mjane naye, mwenye ulimi usiojua kuogopa cheo. Asasi moja ya mjini ilikuwa imewafundisha kwamba kanuni za mirathi za kimila, hizo zinazosema fungu la mjane ni kutunzwa na watoto wake, hazikushuka na mvua. Ziliandikwa na watu, na watu wa Dodoma wanaweza kuziandika upya, na kila jimbo lina mtu wake kule wa kulisemea. Basi wakamfuata mtu wao, Mheshimiwa Egbert. Walimfuata ofisini mpaka mlinzi akawajua kwa majina. Walimvizia kanisani, wakamvizia harusini. Walitaka kitu kimoja tu: asimame bungeni aseme kwamba mjane na binti wairithi nyumba waliyoitolea jasho. Naye, baada ya kuwakwepa mpaka akachoka kukwepa, akasema haya, nitakuja, nitamsikiliza mama mmoja wenu huko huko kwake.

Hapo ndipo akili zilipowatoka. Ungedhani watakaa chini wapange la kusema. Wapi! Walipanga la kupika. Ulikuwa msimu wa senene, na wanawake walishinda siku nzima wakiwanyonyoa mbawa na miguu, wadudu ambao bibi zao waliwachambua maisha yao yote bila kuruhusiwa kuwaonja, maana walikuwa chakula cha wanaume. Wengine walikata nyasi laini za kutandika sebuleni, kama inavyompasa mgeni wa heshima. Ndizi zilichaguliwa mkungu kwa mkungu. Mbuzi alitafutwa, akakataliwa kwa kukonda, akatafutwa mwingine. Maneno ya Eustadia, yale aliyotakiwa kumwambia mbunge, yaliachwa mpaka jioni, na jioni kila mtu alikuwa hoi.

"Kwani lazima ale?" aliuliza Nyirabageni, mjane wa Bugomora aliyeletwa kutoka Rwanda akiwa mgongoni mwa mama yake. Walimtazama kama mtu aliyetukana kanisani. Naye akaendelea kunyonyoa senene.

Kisha likaja swali la nani atampokea. Kwa Wanyambo wa kule, mgeni mkubwa hapokewi na mwanamke. Ni mwanamume wa mji anayesimama mlangoni, anafunua kikapu kidogo cha kahawa ya kutafuna, anatafuna ya kwanza mwenyewe kuonyesha kwamba haina ubaya, ndipo mgeni achukue yake. Baada ya hapo wawili hao hawana la kugombana mpaka mgeni aondoke. Na mji wa Eustadia haukuwa na mwanamume. Placidia alimtaja mchungaji, wakasema mchungaji si wa mji. Akatajwa mwenyekiti wa kitongoji, wakasema huyo ni wa ukoo mwingine, watu watacheka.

"Ni Jovitus," Eustadia akasema mwenyewe. "Hakuna mwingine."

"Jovitus ndiye tunayemshtaki," Placidia akamkumbusha.

"Najua, dada. Lakini mbunge akikuta mlango hauna mwanamume, atasema nimemdharau. Tutamwombaje kitu mtu tuliyemdharau?"

Na wanawake wazima wale, wenye wajukuu, wakaona hoja ina uzito. Placidia naye, na ulimi wake wote, akakubali. Fisi akakabidhiwa bucha, na waliomkabidhi ndio wenye nyama. Jioni ile Eustadia alikwenda kwa shemeji yake, akapiga magoti kama ilivyo desturi, akamwomba aje ampokee mgeni. Jovitus alimwacha magotini zaidi ya ilivyohitajika. Halafu akatabasamu, akasema usijali shemeji, mji wa kaka yangu hauwezi kukosa mwenyewe.

Siku yenyewe alikuja na kanzu iliyopigwa pasi, na juu yake koti la Cleophace. Alikuwa amelichukua siku ya kuanua matanga, eti kumbukumbu. Eustadia alilitambua kwa kiraka cha kiwiko, alichokishona kwa mkono wake. Hakuwa na nafasi ya kusema lolote. Magari yalikuwa yameshaingia.

Mheshimiwa Egbert alishuka na watu wake na mpiga picha wake. Jovitus akasimama mlangoni, kifua mbele, akafunua kikapu, akatafuna, akampa. Akamwambia ajisikie yuko nyumbani.

"Asante sana, mwenye mji," mbunge akajibu, na kamera ikawamulika wote wawili.

Mwenye mji! Kule mji ni boma la mtu, nyumba yake na shamba lake na makaburi yake. Eustadia alikuwa nyuma yao na sinia la maji ya kunawa, na neno lile alilisikia vizuri. Aliwanawisha hata hivyo, mmoja baada ya mwingine, amepiga magoti kwenye nyasi zake mwenyewe.

Wakala. Mungu wangu, wale watu walikula. Mbunge alichota senene kwa kiganja, mafuta yakamtiririka mpaka kidevuni, akayafuta kwa mgongo wa mkono akachota tena. Msaidizi wake alikuwa akivunja mifupa ya mbuzi kwa magego huku anaongea na simu. Mheshimiwa alizisifu ndizi, na kwa ndizi akamsifu Jovitus. Alizisifu nyasi, na kwa nyasi akamsifu Jovitus. Wanawake waliozilima na kuzikata walikuwa jikoni, wakichungulia mlangoni kwa zamu, wakinong'onezana kwa furaha kwamba anakula, amependa, ameomba tena. Eustadia aliwatazama wenzake wanavyofurahi, akawaonea kinyaa, kisha akakumbuka kwamba wazo lilikuwa lake.

Alipewa nafasi ya kusema wakati watu wanachokonoa meno. Alisimama. Maneno alikuwa nayo. Alikuwa ameyarudia akiwa anapalilia, akiwa anakoka moto: shemeji yangu anataka kunitoa katika nyumba niliyojenga na mume wangu, na sheria iko upande wake, nakuomba ukaibadilishe. Lakini shemeji mwenyewe alikuwa pale, amevaa koti la marehemu, anammiminia mbunge rubisi, pombe ya ndizi, na ni yeye Eustadia aliyekwenda kumpigia magoti aje. Utamvuaje nguo mwenye mji mbele ya mgeni wake, kahawa ikiwa bado mdomoni? Nani aliyemlea hivyo? Alitazama nyasi. Akasema kwamba huku vijijini kuna wajane wengine wanaopata shida baada ya waume zao kufariki.

Wengine. Alisikia neno hilo likimtoka, na hakuamini kwamba ni ulimi wake.

Mbunge alitikisa kichwa kwa huzuni nzuri, ile ya misibani. Alisema amesikia. Alisema mila mbaya tuziache na mila nzuri tuzidumishe, na leo ameona kwa macho yake mila nzuri: mjane ambaye shemeji yake hakumtupa. Wanawake wakagawiwa vitenge vyenye sura yake, magari yakaondoka, na mbwa wakaingia kugombea mifupa.

"Umesema wengine," Placidia akamwambia wakati wanaosha vyombo. Hakusema kwa ukali, na hilo ndilo lililouma. Eustadia alitoka, akaenda nyuma ya jiko, akatapika.

Lakini yalikuwa bado. Siku chache baadaye, kikundi kilikusanyika kwenye duka la Placidia kusikiliza bunge redioni, maana msaidizi wa mbunge alipiga simu kusema kwamba leo bosi atalisemea lile la wajane. Na kweli alilisemea. Alisema wapo wanaharakati wanaopotosha hali ya vijijini. Alisema yeye mwenyewe amekula katika nyumba ya mjane jimboni kwake, akapokewa na shemeji mtu, na mama yule hakuwa na neno baya hata moja la kusema juu ya ukoo wake. Akaomba mila zisichokonolewe kwa pupa. Wenzake wakagonga meza. Nyirabageni aliinuka, akatema mate nje ya mlango, akarudi kukaa. Hakuna aliyemsuta. Mate yale yalikuwa ya wote.

Ukoo ulipokaa baada ya Krismasi, Jovitus hakuhangaika kubishana. Aliuliza swali moja: mbunge alipokuja katika mji huu, nani alimpokea? Wazee wakamwita Placidia shahidi, na Placidia ni Mlutheri wa wale ambao wakisema ndiyo ni ndiyo. Akasema ni Jovitus. Na Jovitus alijialika? Hapana, aliitwa. Aliitwa na nani? Placidia aligeuka kumtazama Eustadia, na macho ya wote yakageuka naye. Angeweza kukana, na kikundi chote kingemlindia uongo huo hadi kaburini. Akasema, "Mimi." Wazee wakatazamana kama watu waliorahisishiwa kazi. Mjane mwenyewe amemtambua mwenye mji, na mbunge ni shahidi. Mabinti hawakupata kitu. Eustadia aliruhusiwa kukaa kwenye nyumba ya jikoni, kwa huruma, na kukata ndizi kwa ruhusa.

Kwa ruhusa! Migomba aliyoipanda akiwa na mimba. Miezi iliyofuata alikuwa akibisha hodi kwenye mlango wake mwenyewe kuomba mkungu, na mke wa Jovitus anatoka kwanza kumwonyesha ni upi. Mkungu wenyewe kila mara ulikuwa ule mwembamba. Binti yake mkubwa alikuja kumtazama, akalala naye jikoni usiku mmoja kwenye moshi, asubuhi akaondoka bila kunywa chai kwa sababu alikuwa analia.

Mwezi wa tatu Jovitus alimfuata jikoni, akaketi juu ya kinu, akaanza na shemeji umeamkaje. Kelele za wajane kutoka mikoa mingine zilikuwa zimefika Dodoma, na kamati ya wabunge ilikuwa inazunguka kukusanya maoni kuhusu hizo kanuni za mirathi. Na Mheshimiwa Egbert alikuwa ameichagulia kamati nyumba ya kuonyeshwa. Nyumba ya mfano. Mahali ambapo mila inamtunza mjane.

"Watakuuliza kama unaishi vizuri," Jovitus akasema. "Ukijibu vizuri, shemeji, nakurudishia chumba chako ndani ya nyumba kubwa. Utakaa humo mpaka Mungu akuchukue, na tutakulaza kando ya kaka. Wazee wamekubali. Ukijibu vibaya, basi sitaweza kuwazuia."

Alimletea na kitenge kipya. Eustadia alikipokea kwa mikono miwili kama inavyopasa, akashukuru. Ndiyo adabu hiyo, ilikuwa imemwingia mpaka kwenye mifupa, na alipobaki peke yake aliitazama mikono yake kwa chuki. Usiku hakulala. Hakuwa mjinga, alijua thamani ya chumba. Alijua pia kaburi la Cleophace lilivyoota magugu tangu akatazwe kupita upande ule na jembe. Neno moja tu, ndiyo, na angelala kitandani kwake. Mabinti wake wasingepata kitu kwa vyovyote vile.

Kamati ilikuja na magari mengi kuliko mara ya kwanza. Nyasi zilitandikwa, kikapu kikafunuliwa, Jovitus akatafuna. Wanawake wa kikundi waliambiwa wasimame nje ya uzio na vitenge vyao vya sura ya mbunge ili waimbe wageni wakitoka, nao walikuja, kwa sababu Placidia alisema angalau wamwone Eustadia. Ndani, wabunge walikaa mduara, sahani magotini. Mheshimiwa Egbert aliwaeleza wenzake jinsi ukoo unavyofanya kazi, akiwaelekeza kwa mfupa aliokuwa anaula. Jovitus alikuwa anapita na jagi. Eustadia alisimama na sinia pale alipowekwa, chini ya dirisha, penye mwanga wa picha.

Mwenyekiti wa kamati alikuwa mama wa makamo kutoka mkoa mwingine, mwenye miwani na sauti ya upole. Alimeza tonge, akamgeukia.

"Mama yetu, tuambie wewe mwenyewe. Unaishi vizuri hapa?"

Jovitus alisimamisha jagi hewani. Eustadia alimtazama, akamtazama mbunge wake, akaitazama midomo ile yote iliyokuwa inatafuna jasho lake na la marehemu. Kinyaa kilichokuwa kimekaa tumboni mwake tangu msimu wa senene kilipanda, na safari hii hakikuwa matapishi.

"Mheshimiwa, mji huu ni wa shemeji yangu," akasema. "Mimi ni mgeni, nakula chake. Na kwetu mgeni hamsemi vibaya mwenyeji wake akiwa ndani ya nyumba yake. Nililelewa hivyo."

Jovitus akacheka, akasema shemeji ni mcheshi tangu zamani. Mheshimiwa Egbert naye akacheka, halafu wengine wachache, kwa adabu. Yule mama mwenye miwani hakucheka, lakini sahani yake ilikuwa bado imejaa, akashika tonge jingine. Eustadia aliweka sinia chini. Alitoka kwa mlango wa mbele, ule wa wageni, bila kuaga, akapita katikati ya migomba moja kwa moja mpaka barabarani.

Hakuna aliyemfuata kutoka ndani. Alisikia mazungumzo yakianza upya, mtu akaomba chumvi, mwingine akasema hawa mbuzi wa Karagwe ni habari nyingine. Walikuwa wamemsikia, tena vizuri sana, na walikuwa wanamalizia nyama. Kama kulikuwa na chembe ya heshima iliyobaki ndani yake kwa watu wakubwa, iliishia hapo kwenye chumvi.

Alisimama katikati ya barabara. Placidia alimwona, akauacha uzio akaja akasimama kando yake. Akaja Nyirabageni. Wakaja wengine, mmoja mmoja, kila mmoja na sura ya mbunge imetanda matakoni, mpaka barabara ikajaa kutoka mtaro hadi mtaro. Wageni walichelewa kutoka, na wanawake walikuwa na muda wa kutosha wa kuogopa na kuondoka. Walibaki.

Magari yalitoka kwa msafara, yakasimama. La mbele likapiga honi, likapiga tena. Jovitus alikuja mbio kutoka kibanjani akamwambia awatoe watu wake njiani, asiwatie aibu, na chumba asahau. Eustadia hakumgeukia. Mheshimiwa Egbert alishusha kioo, akasema kwa sauti ya mtu aliyeshiba kwamba kamati inachelewa, mama, watasikilizana siku nyingine.

Eustadia alimpita yeye pamoja na kioo chake, akaenda mpaka gari la pili, alipoketi yule mama mwenye miwani, akagonga. Kioo kilichelewa, kisha kikashuka.

"Hii ni barabara ya serikali," akamwambia. "Hapa sijakaribishwa na mtu, wala sijamkaribisha mtu. Haya, niulize tena kama naishi vizuri."